Amesinzia Kichwa: Usingizi na Maradhi ya Ubongo kwa Watoto wa Kusini mwa Tanzania

Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya usingizi. Mtu husinzia kabla hajalala. Akilala, huenda akalala fofofo, au akapata lepe moja tu na kukesha hata alfajiri. Aweza kuota, kuweweseka au kukabwa na jinamizi, na aamkapo akawa bado katika mang'amung'amu, hajui kama ni usiku au mchana. Haya yote humpata mwenye afya, na hakuna ayahesabuye kuwa maradhi. Lakini yako majina mawili ya usingizi ambayo ni majina ya maradhi kweli, na yote mawili yana historia ndefu katika nchi ya kusini mwa Tanzania. La kwanza ni malale, ambalo kila msikilizaji hutambua mara moja kuwa limetokana na kulala. La pili si neno moja bali ni sentensi kamili: amesinzia kichwa. Hivi ndivyo watu wa Mahenge walivyoyaita maradhi ya watoto ambayo wanasayansi wa ulimwengu walichelewa mno kuyatazama.

Nchi za maradhi haya mawili zilipakana. Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, ni nchi ya Wamwera hasa, pamoja na Wangindo, Wamakua, Wayao na wengine. Mtu akitoka Nachingwea kuelekea kaskazini magharibi hufika Liwale. Akipita Liwale huingia katika pori kuu la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Na ng'ambo ya pori hilo ndiyo milima ya Mahenge katika Ulanga, nchi ya Wapogoro. Atazamaye ramani ya leo huziona nchi hizi zikiwa mbalimbali kabisa. Zamani hazikuwa hivyo. Wangindo walikaa pande zote mbili, na vita vya Maji Maji vilipita katika nchi hiyo kama moto katika nyasi kavu: boma la Liwale lilianguka Agosti 1905, na kabla mwezi huo haujaisha boma la Mahenge nalo lilikuwa limeshambuliwa. Kuondolewa kwa watu katika nchi ya katikati, hata ikawa pori la tembo, ni jambo lililotendeka kwa hatua, na mojawapo ya hatua hizo ilitendwa kwa jina la usingizi.

Vidudu vya malale, viitwavyo tripanosoma, huingia mwilini kwa mtu kuumwa na mbung'o. Mwanzo hukaa katika damu. Baadaye huvuka na kuingia katika ubongo, na hapo ndipo usingizi uharibikapo. Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa malale hulala kupita kiasi. Vipimo vya siku hizi vimeonyesha jambo jingine: jumla ya saa anazolala haiongezeki sana, bali usingizi wenyewe hutawanyika. Humjia mchana kwa vipande vipande na kumkimbia usiku. Mtoto aliyekuwa akicheza na wenziwe huonekana mzito na mwenye kinyongo, huanguka usingizini akiwa na chakula mkononi, kisha usiku hukaa macho akiwasumbua wazee wake, ambao yamkini hudhani kuwa amekuwa mtukutu. Malale ya upande huu wa Afrika ni ya mbio kuliko yale ya Kongo na magharibi. Asiyetibiwa hufa kwa muda wa miezi tu.

Serikali za kikoloni ziliyashughulikia malale kwa bidii kubwa. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alikaa katika visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria, akiwapiga wagonjwa sindano za atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa zarniki, na baadhi ya wagonjwa hao wakapofuka. Mwaka 1910 J. W. W. Stephens na H. B. Fantham wa Liverpool walieleza tripanosoma ya aina mpya, waliyoiona katika damu ya mgonjwa aliyetoka bonde la Luangwa katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Na haukupita muda kabla wagonjwa wa aina hiyo hiyo hawajatambuliwa kando ya mto Ruvuma, katika himaya ya Wajerumani. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendeleza kazi hiyo kwa njia yao: waliwakusanya watu waliotawanyika misituni na kuwaweka katika makao makubwa, ili miti ifyekwe na mbung'o akose kivuli. Katika miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale walihamishwa kwa amri ya serikali, iliyotaja malale na uharibifu wa tembo kuwa ndiyo sababu. Mashamba yaliachwa, makaburi yaliachwa, na pori la Selous likapanuka juu yake. Amri ile iliwaokoa wangapi na malale, na iliwanyang'anya wangapi nchi yao, ni swali ambalo wanahistoria wamelijibu kwa namna mbalimbali. Lakini wengi wao wamekubali kwamba haja ya wanyama na haja ya afya zilisaidiana sana katika jambo lile.

Nachingwea yenyewe ilipata zamu yake ya kufyekwa, si kwa ajili ya malale bali kwa ajili ya karanga. Mpango ule mashuhuri wa Waingereza ulianza 1947 na kuachwa 1951, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Fedha hiyo inafaa kukumbukwa mbele, itakapofikiwa habari ya kliniki ambayo dawa yake kuu ilikuwa kidonge cha senti chache.

Si haki kudhani kwamba watawala wale walimhurumia mgonjwa wa malale kuliko wagonjwa wengine. Walimwogopa zaidi. Malale yalitisha kazi, kodi, ng'ombe na makazi. Yaliweza kuhesabiwa katika ripoti, na njia ya kupambana nayo ilifanana na njia ya kutawala. Mtoto mwenye kifafa hakutisha lolote katika hayo. Aliwatisha jirani zake tu.

Kwa watu wa Marambo, kama kwa watu wengi wa pwani na bara, maradhi ya ubongo ya mtoto huanza kujulikana kwa jina la degedege. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa, macho humgeuka, mikono na miguu humtetemeka. Jina hilo wengi wamelihusisha na ndege apitaye usiku juu ya nyumba za watu, na kwa imani hiyo mtoto alipelekwa kwa mganga kwanza, akafukizwa, mara nyingine kwa kinyesi cha tembo. Sindano iliogopwa, kwa kuwa ilisemwa kwamba mwenye degedege akidungwa atakufa. Wazazi walioshika njia ya hospitali walikuwa na mwendo mrefu. Kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa, hospitali za misheni ya Wabenediktini za Ndanda na Nyangao zilikuwa kimbilio kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya degedege hilo ilikuwa malaria. Watafiti wa Kilifi, huko Kenya, ambao wamewafuatia watoto wa namna hii tangu mwisho wa miaka ya 1980, wameonyesha kwamba mtoto anayepona malaria ya ubongo hapati daima afya yake yote: wengine hubaki na udhaifu wa kujifunza, na wengine hurudiwa na kifafa miaka michache baadaye, wakati ambapo homa yenyewe imekwisha kusahauliwa.

Kifafa ni neno ambalo wasemaji wengi hulinasibisha na kufa: mgonjwa huanguka akawa kama maiti, kisha akaamka. Tafsiri ya Biblia ya Muungano, iliyotoka 1952, hulitumia katika Injili ya Mathayo kwa habari ya yule kijana aangukaye motoni na majini, mahali ambapo maandishi ya Kiyunani yalitumia kitenzi chenye maana ya kupigwa na mwezi. Wafasiri walifanya vema, maana msomaji wa Kiswahili alimtambua mtoto yule mara moja: moto na maji ndiyo yaliyowaua wenye kifafa wa Afrika Mashariki kama yalivyowatesa wa Galilaya. Wayunani nao waliyaita maradhi matakatifu, na kitabu kinachonasibishwa na Hippocrates kilikwisha kupinga jambo hilo karne nyingi kabla, kikidai kwamba chanzo chake ni ubongo wala si miungu.

Mwaka 1959 alikuja Tanganyika daktari kijana wa Kinorwe, Louise Aall, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kwa jina la Jilek-Aall. Katika nchi ya Wapogoro aliwakuta wenye kifafa wengi kupita alivyotazamia, tena wengi wao watoto na vijana, na mwaka 1960 ikaanzishwa Mahenge kliniki yao. Baadaye aliishi Kanada, akawa mtaalamu wa maradhi ya akili, lakini aliendelea kurudi na kuandika juu ya watu wale. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka 1979, kilibeba jina ambalo wagonjwa walimwita, Mama Doctor. Katika maandishi yake twaweza kusomwa usiku wa mwenye kifafa, jambo ambalo ripoti za serikali hazikuwa na nafasi ya kuliandika.

Usiku huo ulikuwa hivi. Iliaminika kwamba kifafa huambukiza: kwa mate, kwa mkojo, kwa pumzi ya mgonjwa anapoanguka. Kwa sababu hiyo hakuguswa wakati wa kuanguka, hata kama ameangukia moto. Alikula peke yake katika chombo chake. Na mara nyingi alilala peke yake. Milima ya Mahenge ina baridi, na moto huwashwa ndani. Mtoto aliyelala karibu na mafiga, akapatwa na kifafa usingizini, aliweza kuungua pasipo kupiga kelele, kwa kuwa mwenye kuanguka hana fahamu ya kupiga kelele. Makovu ya moto yalikuwa alama iliyomtambulisha mwenye kifafa kabla mtu hajauliza habari zake.

Hapa maarifa ya leo yanaongeza jambo zito. Kifafa na usingizi ni jirani wa karibu. Katika aina kadhaa za kifafa mgonjwa huanguka wakati anapopotelewa na usingizi au mara tu anapoamka. Akikosa usingizi usiku mmoja, hatari ya kuanguka kesho yake huongezeka. Na kifafa cha usiku chenyewe huuvunja usingizi, hata mtoto akaamka amechoka na mzito, akasinzia darasani, akapigwa kwa uvivu. Tangu 1947 Frederic na Erna Gibbs wa Marekani walionyesha kwamba umeme wa ubongo ukipimwa mgonjwa akiwa usingizini huonyesha dalili nyingi kuliko akiwa macho. Tena kuna kifo cha ghafula cha mwenye kifafa, ambacho hutokea zaidi kitandani, usiku, bila shahidi. Uchunguzi wa Uswidi uliotangazwa 2020 uliona kwamba hatari ya kifo hicho ni kubwa zaidi kwa alalaye chumbani peke yake, na ni ndogo kwa mwenye mtu wa kulala naye chumba kimoja. Kwa hiyo ile desturi ya kumtenga mtoto usiku, iliyokusudiwa kuwalinda wengine na maradhi yasiyoambukiza, ilimwondolea yeye mlinzi wake wa pekee. Si ajabu kwamba mtoto alikutwa amekufa asubuhi, na kifo hicho kikawa ushahidi mwingine wa uchawi.

Dawa iliyotolewa Mahenge ilikuwa fenobabitali. Hiyo nayo ni mtoto wa usingizi. Mwaka 1912 kampuni ya Bayer iliitoa sokoni kama dawa ya kulaza watu, na mwaka huo huo Alfred Hauptmann, daktari kijana wa Freiburg, akaandika kwamba wagonjwa wake wa kifafa waliopewa dawa hiyo walianguka mara chache zaidi. Husimuliwa kwamba alikaa karibu na wodi na alitaka wagonjwa walale, ili naye apate kulala. Kama hekaya hiyo ni kweli tupu au imepambwa, matokeo hayana shaka: dawa hii ya bei ndogo ndiyo ambayo hata leo huwafikia wenye kifafa wengi wa vijijini. Ila ina kodi yake. Wengine huwafanya wawe wazito na wenye kusinzia. Na katika watoto mara nyingine hutenda kinyume, ikawafanya wasitulie, wakasirike upesi na wasilale vizuri. Mzazi aliyeambiwa kwamba dawa humtuliza mtoto, naye amwona mtoto akikimbiakimbia usiku, hana kosa akiiacha.

Na kuiacha ghafula ndiko kubaya kuliko kutoianza, kwa sababu kifafa hurudi kwa nguvu, kikafuatana bila mapumziko hata mgonjwa akafa. Mwaka 1992 Jilek-Aall na Rwiza, tabibu wa Tanzania, walitangaza habari za wagonjwa 164 wa kliniki ile baada ya miaka 30. Wagonjwa 110 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo, kuzama majini, kuungua moto. Hawa ndio waliotibiwa, walioandikwa majina yao katika daftari na kutafutwa tena. Mwaka huo huo Rwiza na wenziwe walitoa hesabu ya baadhi ya vijiji vya Ulanga kwa kupita nyumba hadi nyumba: katika watu 18,183 waliona wenye kifafa 207, na wenye kifafa kilicho hai walikuwa kiasi cha 10 katika kila watu 1,000. Katika nchi za Ulaya hesabu ya kawaida ni nusu ya hiyo au zaidi kidogo.

Lakini yale aliyoyaona Jilek-Aall Mahenge katika miaka ile ya mwanzo hayakuwa kifafa cha kuanguka peke yake. Walikuwapo watoto ambao hawakuanguka. Mtoto ameketi mbele ya chakula. Ghafula kichwa chake chaanza kuinama mbele, chainuka, chainama tena, kama mzee aliyeshindwa na usingizi barazani. Kichwa huinama mara 5 hadi 20 kwa dakika. Mwingine huitikia akiitwa, mwingine hana habari. Baada ya dakika chache huacha, na mtoto huendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Aghalabu huanza mtoto akiwa na umri kati ya miaka 5 na 15; mara nyingi huamshwa na chakula au baridi. Wengi wao baadaye hupata na kifafa cha kuanguka. Akili huzorota, shule huachwa, na baadhi yao hubaki wafupi na wembamba kuliko wadogo zao.

Wazazi waliliita jambo hili amesinzia kichwa. Jina hili lastahili kutazamwa kwa makini na wenye kujifunza lugha. Katika Kiswahili kusinzia ni tendo la mtu mzima wote: mtoto amesinzia, basi. Hapana haja ya kutaja kichwa, kwa kuwa hakuna asinziaye kwa mguu. Walipoongeza neno kichwa, watu wa Mahenge waliitia sentensi yao katika mkondo wa amevunjika mguu na ameteguka kiwiko, yaani sentensi ambazo mwenye kutajwa kwanza ni mtu, lakini lililopatwa ni kiungo. Mtoto hakusinzia; kichwa chake ndicho kilichosinzia. Macho yalikuwa wazi, mkono ulikuwa katika sahani, na usingizi ulikuwa umeshika sehemu moja ya mwili tu. Mama aliyesema hivyo alikuwa amekwisha kutenga maradhi haya na uvivu, na usingizi wa kawaida, na hata kifafa cha kuanguka, ambacho alikuwa na jina lake. Ni uchunguzi wa kitabibu uliofungwa katika maneno mawili, na haukuhitaji chombo chochote.

Jilek-Aall aliyaandika mambo haya katika miaka ya 1960, katika majarida ya Ulaya. Hayakuwa na athari kubwa. Kwa miaka 30 hivi yalilala katika maktaba, mpaka katika miaka ya 1990 watoto wenye kuinamisha vichwa walipotajwa Mundri, katika nchi ambayo sasa ni Sudani Kusini, na baadaye Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini mwa Uganda, walikohesabiwa kwa maelfu. Uganda ilikuwa imetoka katika vita, watu wamekaa makambini, na habari za watoto wale zikaenea magazetini ulimwenguni. Hapo ndipo wengi waliposikia kwamba Mahenge ilikwisha kusema.

Mwaka 2005 daktari Mjerumani Andrea Winkler, pamoja na William Matuja wa Muhimbili na wenzao, walikwenda Mahenge wakawachunguza wagonjwa 62 wa namna hiyo. Habari zao zilitangazwa 2008. Mwaka 2009 uchunguzi wa Kitgum ulipima umeme wa ubongo wakati kichwa cha mtoto kikiwa kinainama. Jibu lilikuwa wazi: huu si usingizi, ni kifafa. Ni aina ya kifafa ambayo, badala ya kukaza misuli, huilegeza. Shingo hupoteza nguvu kwa nukta moja, kichwa huanguka, kisha nguvu hurudi. Yafaa kusemwa hapa kwamba hilo ndilo linalomtokea pia mtu asinziaye kwa kweli: misuli ya shingo hulegea kabla hajafahamu. Jina la Mahenge, basi, halikukosea kuhusu shingo. Lilikuwa karibu na ukweli kuliko wale waliosema kwamba watoto wanaigiza, au kwamba wamerukwa na akili kwa sababu ya vita. Mahenge haikuwa na vita.

Chanzo chake kimetafutwa kwa muda mrefu, na kidole kimeelekezwa zaidi kwa usubi. Inzi huyu mdogo mweusi hutaga mayai katika maji yaendayo kasi, na humtia mtu minyoo ya onkoserka, ambayo huwasha ngozi na kupofusha macho. Mahali palipo na watoto wa kusinzia vichwa, iwe Mahenge, Mundri au Kitgum, pana usubi. Lakini Winkler na wenziwe hawakuona dalili ya minyoo hiyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na kwa hiyo haikuweza kusemwa kirahisi kwamba mnyoo huingia katika ubongo kama tripanosoma wa malale. Mwaka 2017 watafiti wengine walitoa dhana kwamba kinga ya mwili, inapopigana na mnyoo, huijeruhi nayo seli ya neva kwa kuwa zina protini zinazofanana. Wako wanaokubali, wako wanaopinga, na mjadala haujafungwa.

Kwa dhana hiyo yaeleweka kwa nini Marambo, iliyojua malale, haikujua kusinzia kichwa kwa kadiri ya Mahenge. Mbung'o hutaka vichaka na kivuli, navyo vilijaa katika nchi tambarare ya kati ya Nachingwea na Liwale. Usubi hutaka maporomoko. Mbwemkuru na Lukuledi hutambaa katika mchanga na kupungua sana wakati wa kiangazi, ilhali mito ya Mahenge hushuka milimani kwa kishindo mwaka mzima. Milima na tambarare ndizo zilizogawa maradhi haya ya ubongo, wala si mila za Wapogoro wala za Wamwera, ijapokuwa pande zote mbili watu waliulizana ni nani aliyemloga mtoto.

Mwezi Julai 2012 wataalamu walikutana Kampala wakakubaliana juu ya dalili za kumtambulia mgonjwa. Uganda ilifungua vituo vya matibabu mwaka huo, na Richard Idro wa Makerere na wenziwe wakaandika mwongozo ambao haukuishia katika dawa ya kifafa peke yake, bali ulitazama pia tabia ya mtoto, chakula chake, viungo vyake na uuguzi wake nyumbani. Watoto wengi walipungukiwa na kusinzia vichwa, wengine wakarudi shuleni. Jina lililoshika katika vitabu ni la Kiingereza, nalo lasema tu kwamba kichwa huinama. Habari ya kusinzia imeachwa nje.

Mahenge ilianza kugawiwa ivermectin kwa ajili ya usubi mwaka 1997, mara moja kwa mwaka. Kuanzia 2019 ikagawiwa mara mbili, baada ya kuonekana kwamba minyoo na kifafa vilikuwa vingali vingi katika vijiji vya milimani. Dawa hiyo huzuia mtoto mwingine asiambukizwe minyoo. Kwa yule ambaye kichwa chake kimekwisha kusinzia iko fenobabitali, ile ile ya Hauptmann, ambayo kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku, usiku, kabla ya kulala.